Mpira Alioubakiza Drabik

Leonard Drabik hutengeneza mitambo ya kupasha joto katika majumba ya zamani ya Chicago. Wateja wake humwachia funguo na kwenda zao kazini, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kulalamika kuwa amepotelewa hata na kijiko. Ndiyo maana jambo la Mei lilimkalia vibaya.

Tangu ujana wake Drabik ni mtu wa timu ya besiboli ya upande wa kaskazini. Hukaa kwenye mabenchi yaliyo nyuma ya uzio wa kushoto, bega kwa bega na Odell Tibbs, tarishi mstaafu wa posta. Mabenchi hayo yana sheria yake. Mchezaji mgeni akiupiga mpira ukaruka uzio, aliyeudaka haruhusiwi kwenda nao nyumbani. Lazima aurudishe uwanjani kama kitu kichafu, huku umati ukipiga kelele, "Tupa! Tupa!" Anayekataa huzomewa mpaka ajute kuzaliwa. Wenyeji wajanja wana dawa yake: huja na mpira mwingine mfukoni, waliouokota siku fulani wakati wa mazoezi. Hutupa huo, wakabaki na ule wenyewe uliopigwa. Kila mtu anajua, na hakuna anayeuliza.

Siku hiyo ya Mei wageni walikuwa Kansas City, timu ya ligi nyingine kati ya zile mbili za besiboli ya Marekani. Zamani timu za ligi hizi mbili zilikutana kwenye fainali tu. Kisha zikaanza kukutana kidogo kidogo katikati ya msimu, na sasa kila timu hucheza na kila timu kila mwaka. Drabik hajawahi kuukubali mpango huo.

"Hawa nao wametufuata nini huku?" alisema, akijikunja dhidi ya upepo wa ziwani. "Wametupunguzia mechi na mahasimu wetu wa Saint Louis ili tuje kuwatazama watu tusiowajua hata majina. Nitamzomea vipi mtu nisiyemjua?"

"Zomea jezi," Odell akamjibu. "Mimi nimezeeka, Lenny. Wachezaji wa ligi ile nilikuwa nawaona kwenye televisheni tu. Leo wanaletwa mpaka mbele ya magoti yangu, wewe unanung'unika. Kunywa bia yako."

Wote wawili walikuwa na hoja. Mpango mpya umemletea Odell wachezaji ambao angekufa bila kuwaona. Lakini uhasama wa besiboli hukuzwa kwa kukutana tena na tena. Watu wanaoonana siku tatu kwa mwaka hawawezi hata kugombana vizuri. Wala hawajuani. Mpigaji angekuwa wa Saint Louis, benchi zima lingejua ni nani, ametoka wapi na mguu gani unamuuma. Huyu aliyeingia na gongo lake, kijana mwembamba aitwaye Anselmo Tavares, hawakujua lolote juu yake.

Aliupiga mpira wa kwanza aliorushiwa. Ukaja juu, ukagonga benchi, ukatulia kati ya viatu vya Drabik.

"Tupa! Tupa!"

Drabik aliinama, akabadilisha mipira chini ya koti, akatupa ule wa zamani aliokuja nao. Umati ukamshangilia. Kule chini mpira ukaokotwa na kupelekwa kwenye benchi la wageni, na hapo wachezaji wakamvamia Tavares, wakamkumbatia, wakammwagia maji kichwani.

"Wana wazimu hawa?" Drabik alicheka. "Kwani wamechukua ubingwa?"

Odell alikuwa anasoma ubao mkubwa. "Lenny," akasema polepole, "dogo alikuwa hajawahi kurusha mpira nje ya uzio tangu apandishwe ligi kuu. Huo ndio wake wa kwanza."

Drabik angeweza kusimama palepale akamwita mlinzi, akampa mpira wa kweli. Hakusimama. Waliomshangilia walikuwa bado wanampigapiga mgongoni.

Kesho yake, akiwa chini ya jengo moja anafungua pampu, alimsikia Tavares redioni. Kijana alisema mpira ule anampelekea bibi yake huko kwao Baní, ng'ambo ya bahari, aliyemlea, ambaye hajawahi kumwona akicheza ila kwenye simu. Drabik akazima redio. Ikambidi aifungue pampu ile mara ya pili, kwa sababu alikuwa ameifunga kinyume.

Odell hakumpa nafasi ya kupumua.

"Mimi nimebeba vifurushi vya watu maisha yangu yote," alisema. "Sijawahi kubadilisha cha mtu njiani."

"Kila mtu pale anafanya hivyo, Odell."

"Basi mbona huuweki kabatini kama ile mingine? Utume kwa posta, ndugu yangu."

"Nitaandika nini? 'Ule ulionao ni wa uongo, wa kweli ni huu'? Wanapokea barua za matapeli kila siku."

Kilichobaki ni kwenda mwenyewe. Kansas City wasingerudi kaskazini mwaka huo. Lakini wako ligi moja na timu nyingine ya Chicago, ile ya upande wa kusini, na huko huja kila kiangazi. Drabik hakuwahi kukanyaga uwanja wa kusini. Marehemu baba yake aliwahi kukataa kwenda kwenye harusi ya binamu kwa sababu ukumbi ulikuwa jirani nao.

Agosti alipanda treni akashuka huko, koti mkononi, uso umemwiva kwa aibu. Alifika mapema, wakati wa mazoezi, akasimama kwenye kizuizi karibu na benchi la wageni mpaka Tavares alipopita.

"Samahani, bwana mdogo. Mimi ndiye niliyeudaka mpira wako wa kwanza. Nilitupa mwingine. Wako ni huu."

Tavares aliupokea, akaugeuza, akatafuta alama ambayo haikuwepo.

"Nitajuaje?"

"Huwezi kujua. Nakwambia mimi."

"Bibi ameuweka wa kwake sebuleni," Tavares alisema. "Majirani wanakuja kuushika. Unataka nimwambie nini, mzee?"

Drabik alikuwa amejiandaa kutukanwa. Akautazama mpira mikononi mwa kijana.

"Usimwambie," akasema.

"Hata mimi ungeniacha tu bila kuniambia."

Kijana alisema hivyo bila hasira. Akautupa mpira kwenye kapu la mipira ya mazoezi, akachukua gongo lake, akaondoka.

Drabik alibaki ameshika kizuizi. Kocha alikuwa anachota mipira kapuni bila kuangalia, anarusha, wapigaji wanapiga. Mingine ilibiringika nyasini, mingine ikaruka uzio na kugombaniwa na watu aliofundishwa kuwadharau. Alijaribu kuufuata wake kwa macho na muda si mrefu akaupoteza. Mlinzi alipomwomba aende kwenye kiti chake, alimwonyesha tiketi na kumuuliza ni upande gani.