Mgomba wa Kupeleka Nyikani

Juzi nilipita nyuma ya kijiji chetu cha Kulesa nikaukuta msitu umekauka kwa sababu mto ulihama mkondo, miti ingali imesimama. Nikaketi kwa uchovu, nikamkumbuka Hawa.

Hawa alikuwa binti wa Waorma, wafugaji waliopitisha ng'ombe shambani kwetu kila kiangazi kwenda kunywa mtoni. Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto, walikuwa wakirudi, wakinuka vumbi na ngozi, ndama wao alipoanguka kwa njaa kando ya migomba yetu.

"Asiposimama tunamwacha," mama yake alisema. Hawa akageuza uso.

"Kwenu mbona hakuna miti?" nilimuuliza.

"Hakuna maji."

"Pandeni miti. Maji yatafuata."

Nilikuwa nimeona hivyo: palipo na msitu pana mto, na mbele kidogo ni miiba mitupu. Sikujua kwamba maji yetu yalikuwa mvua ya milima ya mbali, na msitu ulikoma pale unyevu ulipokoma. Basi niling'oa chipukizi la mgomba, nikampa Hawa akapande.

Mama yake alilichukua, akalikatakata, akamtilia ndama mdomoni kipande kwa kipande.

"Mama, huo ni mto wetu," Hawa alilalamika.

"Utafika lini? Mwambie ndama angoje."

Nililia kwa hasira. Ndama alitafuna taratibu, maji ya mgomba yakimchuruzika kidevuni, kisha akainuka akitetemeka. Hawa akamshika sikio, wakaenda naye nyikani bila kuniaga.