Kiti cha Kusikilizia

Mwanangu, umeniambia kwamba chuoni utasomea sauti za lugha, jinsi zinavyopanda, zinavyoshuka na kujipanga. Nimefurahi, na nimeogopa kidogo. Kaa hapa nikueleze siku ambayo mimi nilijiona bingwa wa mambo hayo. Kisa chenyewe sikipendi, ndiyo maana sijawahi kukusimulia.

Nilikuwa msichana wa Rulenge, nimemaliza shule, sina kazi, na mdomo mrefu. Mtafiti mmoja wa lugha alipanga chumba kwetu akawa anarekodi Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani. Alinionyesha kwamba sauti za mtu zina mpangilio wake, na mtu anaubeba tangu utotoni bila kujua anao. Alinifundisha kuipiga sentensi kwa mluzi, maneno yaondoke, ubaki mpando na mshuko tu. Nilikuwa na sikio kali, nisikufiche. Baada ya miezi michache niliweza kusema mtu amekulia kilima gani kabla hajamaliza salamu.

Alimrekodi pia bibi yangu, mama yake baba. Alimwomba aite mtu kama tunavyoitana huku kutoka kilima hadi kilima, bonde likiwa katikati. Bibi aliita jina moja, Nyamwiza, akalivuta mwishoni kisha akalikata ghafla. Sikumjua huyo Nyamwiza, wala sikuuliza. Bibi alifariki masika yale, kaseti nikabaki nayo mimi. Mara ya kwanza nilipoicheza, saa nane mchana, mbwa wetu aliinuka akaenda kusimama mlangoni pa chumba cha marehemu. Baba akanikataza kuicheza tena.

Kisha mauaji yakazuka ng'ambo ya mto, watu wakakimbilia kwetu kwa daraja la Rusumo, wengi hata barabara haikuonekana. Nilipata kazi ya kuandika majina katika kambi ya wakimbizi ya Benaco. Msimamizi wetu alilalamika kwamba wenyeji wenye nyumba zao walikuwa wanajipanga kwenye foleni kuchukua mahindi na maturubai ya wakimbizi. Nami kwa kiherehere changu nikasema, "Niachie mimi. Lugha zetu na zao zinakaribiana, lakini nitawajua kwa sauti." Nikawekewa kiti mbele ya foleni. Mtu akifika, nilimwambia aseme ametoka wapi na alikuwa analima nini. Nikitikisa kichwa, hapewi kadi ya mgao. Kwa siku tatu nilinasa majirani zetu wawili watatu, wakacheka, wakaenda zao. Nikavimba kichwa.

Siku ya nne akaja mama mzee aliyejitaja kwa jina la ubatizo, Anastazia. Alipofungua mdomo, mwanangu, nilisikia sauti ya bibi yangu. Sisemi ilifanana. Ilipanda palepale, ikakatika palepale, na bibi nilikuwa nimemwona akishushwa kaburini. Ningemuuliza tu, "Bibi, ulizaliwa wapi?" Lakini niliogopa, na woga ukageuka hasira.

"Huyu ni wa hapahapa," nikamwambia msimamizi.

"Mwanangu, nimetoka ng'ambo," alisema yule mama. "Mkamwana wangu amejifungua juzi, amelala kwenye nyasi na mvua hii. Nipeni turubai tu."

"Sauti yako haikutoka ng'ambo."

Alijifunika kitenge chake, akaondoka.

Basi foleni nzima ikanyamaza. Ukimya ulienda ukirudi nyuma, mtu kwa mtu, mpaka nikawa nasikia nzi. Waliofika mezani walinyoosha vidole tu. Mama mmoja alimfumba mtoto wake mdomo kwa kiganja. Mzee mmoja ndiye aliyeniinamia akanong'ona, "Njiani nako, kwenye vizuizi, wenye mapanga walituambia tuseme, wakatusikiliza. Waliotikisiwa kichwa hatukuwaona tena."

Jioni nilimsimulia baba. Aliweka jembe chini.

"Bibi yako alikuwa na mdogo wake, Nyamwiza," alisema. "Aliolewa ng'ambo kabla mimi sijazaliwa. Ukoo haukumtaka mume yule, tukakatazwa hata kumtaja. Umemfukuza mama yangu mdogo."

Asubuhi alibeba redio na ile kaseti, yeye mwenyewe aliyenikataza. Tulipita katikati ya vibanda, marehemu bibi akiita juu ya moshi: Nyamwizaaa! Watu walitupisha bila kuuliza neno. Tuliirudisha kaseti nyuma tukaicheza tena, na tena, mpaka betri zikachoka na sauti ikawa nzito, kama inatoka chini ya ardhi. Ndipo kutoka bondeni sauti ileile ikaitikia. Yule mama alitoka chini ya majani ya migomba. Hakututazama sisi, aliitazama redio.

"Dada," alisema, "mbona umechelewa?"

Mkamwana wake alikuwa na homa kali, kichanga kilikuwa hai. Tuliwabeba wote hadi kwetu, wakapona. Kile kiti sikukikalia tena. Bibi Nyamwiza aliishi nasi miaka mingi, akitania kila mtu, akiimba jikoni. Nikiingia mimi, alinyamaza. Nilimpigia magoti kuomba radhi, akaniwekea mkono kichwani, kwa hiyo najua alinisamehe. Lakini hakusema neno. Mpaka anafariki, sauti yake niliisikia kwa kupitia ukutani tu.

Soma, mwanangu, ni elimu nzuri. Sauti ya mtu itakuambia alijifunzia wapi kusema. Haitakuambia amepita wapi tangu hapo, wala nani amelala kwenye mvua akimsubiri. Hayo muulize mwenyewe, na ungoje jibu. Na siku mtu akitaka sikio lako limchague wa kula na wa kufukuzwa, kikatae kiti hicho, hata kama huna kazi nyingine.

Nenda salama. Mungu akulinde huko, akupe walimu wema, na kila nyumba utakayoingia, watu waendelee kuzungumza.