Bwawa la Wavuvi

Perege nimewajua kwa sababu ya baba mkwe wangu. Si kwamba alinifundisha. Mimi na yeye hatukuwahi kusemeshana hata neno moja mpaka anaingia kaburini, maana kwetu sisi Wanyakyusa mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Ukimwona anakuja njia hii, wewe unaingia migombani. Kama hakuna migomba, unachutama hapo hapo ulipo, unajifunika kanga kichwani mpaka apite.

Nilitoka Kinyala nikaolewa upande wa Nkunga, karibu na bwawa la shamba la chai. Wazungu ndio walioziba kijito zamani wapate maji ya kiwanda. Njia ya baba mkwe kwenda kwa ng'ombe wake ilipita juu ya tuta la bwawa, na njia yangu ya kuteka maji ilikuwa hiyo hiyo. Basi kila asubuhi, bibi harusi mzima, nilikuwa ndani ya matete, maji magotini, kimya kama chura aliyeona nyoka. Mzee alikuwa mtu wa adabu. Alianza kukohoa akiwa mbali bado, na kifua hakikuwa kinamsumbua. Alikuwa ananipa nafasi nijifiche. Akishavuka tuta anakohoa tena, mimi natoka.

Mtu aliyechutama hana kazi ya kufanya isipokuwa kutazama. Nikatazama maji. Nikaona dume la perege linachimba mchanga kwa mdomo, linatengeneza shimo la mviringo kama bakuli, linalilinda kwa ukali. Nikaona jike linataga humo, halafu linayaokota mayai yake na kuyaweka mdomoni. Linakaa nayo, halili, linakonda huku unaliona. Vitoto vikitoka vinacheza nje, kivuli kikipita vinarudi mdomoni mwa mama yao. Vikikua kidogo vinahamia kwenye mizizi ya matete na visiki, mahali ambapo samaki mkubwa hapenyi. Hayo sikuyasoma popote. Shule mimi niliishia darasa la pili.

Baadaye nikasuka mgono wangu, lile tenga refu la kutegea samaki lenye mdomo wa kuingilia na lisilo na pa kutokea. Nikautega pembeni ya kisiki kikubwa kilichozama karibu na mahali kijito kinapoingilia. Sikuutega karibu na mabakuli ya mchanga hata siku moja. Wanangu wote wamekulia hapo, kwa ndizi na perege. Mume wangu alipofariki sikwenda kwa shemeji yeyote kuomba kitoweo. Nilishuka kwenye kisiki changu.

Shamba lilipokuwa mikononi mwa serikali alikuja meneja mmoja aliyependa usafi. Akasema bwawa limejaa takataka, bomba la kiwanda linaziba. Tukaitwa kijiji kizima kwenye msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, tukang'oa matete yote, wanaume wakavuta visiki kwa minyororo. Kisiki changu nacho kilivutwa, kikalala tutani kikitoa maji kama mtu anayelia. Nikamuuliza balozi wetu wa nyumba kumi, samaki watakwenda wapi sasa. Akanijibu kwamba samaki wanaishi majini, mama, hawaishi kwenye kuni. Watu wakacheka. Bwawa likawa safi kama beseni, na kama beseni, halikuwa na kitu ndani. Miaka ikapita mtu anatega kutwa anapata samaki wawili wadogo kama vidole.

Halafu ikaja ruksa, biashara kwa kila mtu. Mitumba ikajaa Tukuyu, duka la ushirika likafungwa, shamba la chai likauzwa. Aliyenunua tulimwita mwekezaji, neno lenyewe lilikuwa jipya, tulilitamka kwa uangalifu. Hakuja peke yake. Alileta bwana samaki, mtu mzima mwenye miwani, mpole. Ukaitishwa mkutano. Bwana samaki akasimama akasema bwawa limekufa kwa sababu samaki hawana makazi, na mwekezaji anataka kuwajengea makazi upya, ili bwawa hili liwe la wavuvi.

Hilo neno nililisikia kwa masikio yangu haya. Liwe la wavuvi. Nikageuka nikamtazama balozi, yule wa samaki na kuni. Akainamisha kichwa. Nilijisikia mtu. Watu walipiga makofi na mimi nilipiga kuliko wote, maana mvuvi pale kijijini alikuwa nani kama si mimi? Wala sikuuliza wavuvi gani. Hakuna aliyeuliza.

Kazi ikaanza. Trekta ikaleta mianzi kutoka upande wa Isongole, wakaifunga mafungu mafungu na kuyazamisha kwa mawe. Asubuhi mafungu yote yalikuwa yanaelea katikati ya bwawa kama mabata. Bwana samaki alisimama tutani mkono kiunoni, haelewi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Vibarua wake, vijana wa kuja, walikuwa wameokota mawe ya mashambani kwetu, yale mepesi ya mlimani tunayosugulia visigino. Jiwe lile ukilitupa majini linarudi kukusalimia.

Nikamfuata. Nikamwambia chukua mawe meusi ya mtoni. Nikamwambia pia matawi ya mkaratusi aliyoyarundika pale asiyatie, yatafanya maji kuwa machungu na meusi kama chai, atie ya mparachichi na mpera. Akavua miwani akaifuta. Akaniuliza samaki walikuwa wakitagia wapi zamani. Nikamwonyesha. Mahali pa mchanga, mahali pa matete, mahali palipokuwa na kisiki changu, na mahali penye chemchemi chini ambapo perege wakubwa hukimbilia mwezi wa saba baridi inapozidi. Yote. Akawa anaandika kwenye daftari.

"Mama, haya umeyajulia wapi?" akaniuliza.

Nitamwambiaje mwanaume mgeni kwamba nilikuwa namkimbia baba mkwe? Nikamwambia nimezaliwa nayo.

Tangu siku hiyo akaniita mama mtaalamu, mbele ya watu. Nakiri kwamba shingo yangu ilirefuka. Miezi ile yote nilishinda pale. Nilipanda matete kwa mikono yangu mwenyewe, nikasimamia kisiki kipya kuzamishwa mahali pa kile cha zamani. Nina jirani yangu Mwislamu, anauza usipa wakavu wa Kyela pale sokoni, mdomo wake mkali kama pilipili. Alipita siku moja akanikuta matope mpaka kiunoni.

"Jirani, perege umewajengea nyumba, na hiyo ya kwako inavuja."

Nikamwambia ajiandae kutafuta biashara nyingine, maana perege wangu wakirudi usipa wake atakula mwenyewe.

Na walirudi. Katika msimu wa pili niliona mabakuli mchangani, moja, matatu, halafu sikuhesabu tena. Nikaketi kibarazani nikasuka mgono mpya. Wajukuu wangu, watoto wa mwanangu wa mwisho, walinizunguka wakiuliza utaleta wangapi, bibi? Wale watoto wana akili, naweza kusema hivyo bila aibu, wamemfuata bibi yao. Nikawaambia waandae sufuria kubwa.

Huyo baba yao ndiye aliyekuwa amepata kazi ya uaskari shambani. Buti, koti la mvua, rungu. Nilikuwa nimetembea na habari ya zile buti kijiji kizima. Jioni hiyo alikuja, akauona mgono. Halafu akasema kwa kuzunguka zunguka kwamba waya unapigwa bwawani wiki hiyo na kwamba kuna kibao. Nikamwambia waya ni wa ng'ombe wasikanyage matete, kazi nzuri.

Asubuhi nikashuka na mgono wangu begani. Kweli, waya. Kweli, kibao. Nikakisoma kwa darasa langu la pili, silabi kwa silabi. Bwawa la uvuvi wa burudani. Ni marufuku kuvua bila kibali. Hapo kwenye burudani nilirudia mara mbili, nikadhani wamekosea kuandika. Burudani ninayoijua mimi ni ngoma. Nikainua waya nikapita chini yake, nikaenda kwenye kisiki changu, nikaanza kutega.

Mwanangu alikuja mbio juu ya tuta, buti zinapiga kelele. Nilidhani anakuja kunisaidia kushika kamba.

"Mama, bosi anakuja na wageni. Ingia kwenye matete. Kidogo tu, wapite."

Nikamtazama. Jasho lilikuwa linamtoka na baridi ile. Nikamwambia mimi si mwizi.

"Najua, mama. Lakini wakikukuta hapa, kazi sina tena. Tafadhali, mama yangu, jifiche."

Ningeweza kusimama. Nimekuwa nikisimama katika kichwa changu miaka yote hii, kila nikikumbuka. Katika kichwa changu mwekezaji anafika, namuuliza nani alikwambia mahali penye chemchemi, nani alipanda haya matete. Lakini pale tutani nilimwona mwanangu anageuka geuka kutazama njia, nikawaona wale watoto na sare zao za shule, nikaingia kwenye matete. Nikachutama. Kanga nikajifunika kichwani bila kuambiwa na mtu, mwili wenyewe ulikumbuka. Magoti hayakuwa tena ya bibi harusi.

Walikuja wanaume watatu na mwekezaji mwenyewe, wana fimbo ndefu nyembamba zenye uzi. Walisimama karibu na mimi kiasi cha kumtemea mtu mate. Hakuna aliyekohoa. Bwana samaki alikuwepo pia, anawaonyesha: pale kuna matete, pale kuna kisiki, pale chini kuna chemchemi. Maneno yangu yalitoka mdomoni mwake moja baada ya jingine, kwa mpangilio ule ule niliompa.

Mmoja akatupa uzi wake kwenye mabakuli ya mchanga. Mahali ambapo mimi, mwenye watoto wenye njaa, sikuwahi kutega. Akatoa perege mkubwa, jike. Nililijua kwa kukonda kwake, na vitoto vilikuwa vinadondoka kutoka mdomoni lilipokuwa linainuliwa hewani. Wakacheka, wakalipima kwa kamba, wakampiga picha mwenye samaki akilishikilia kifuani kama mtoto wake aliyefaulu mtihani. Halafu akalirudisha majini, akanawa mikono.

Hakula. Hilo ndilo lililonichoma kuliko waya na kibao. Kama angekwenda kumla ningesema ni mtu kama mimi, ana sufuria nyumbani.

Walipoondoka sikutoka upesi. Nilikuwa nasubiri kikohozi cha pili, kile cha kuniambia toka, nikaja kugundua kwamba nangoja mtu aliyekwishakufa. Mwanangu ndiye aliyeniinua kwa kwapa. Nikachukua mgono mtupu, nikapita chini ya waya, nikapanda nyumbani. Wajukuu walikuwa wameshabandika sufuria. Nikawaambia wapike maharage.

Jirani yangu wa usipa alikuja jioni, habari zilikuwa zimeshafika. Nilimsubiri anicheke. Hakucheka. Alileta usipa kwenye kikapu, akauweka mlangoni akasema tu ndaga, jirani, ingawa mwenye kushukuru nilipaswa kuwa mimi. Nilijua hapo kwamba mambo yangu yameharibika kweli, kama hata yule ananihurumia.

Mwanangu bado ni askari bwawani. Tunasalimiana vizuri, namkaribisha, anakaa. Habari za buti zake siku hizi hanisikii nikizitaja. Siku moja tu nilimwambia kwamba babu yake alikuwa akikohoa kabla hajapita, na nilikuwa najificha kwa sababu alikohoa. Akasema, "Ndiyo, mama." Sijui alielewa nini.

Mgono upo kwenye kona ya jikoni, mdomo umetazama ukutani. Ubavu wake umetoboka, kuku wanatagia humo. Mayai yao huwa namkaangia mwanangu akija, naye anakula akiwa ameinama, haulizi yametoka wapi.