Jumba, Kibanda na Mstari Mtupu

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipoandika tanzia ya kitu kilichokuwa kizima, kisha nikakiua ili tanzia yangu isiwe ya uongo.

Nakuita mwanangu. Najua nimekuzidi miaka minne tu, na ndevu zangu ni chache kiasi kwamba nazifahamu moja moja. Lakini wewe uko kidato cha kwanza, juzi tu umeshuka kwenye basi la kutoka Msata na godoro kichwani, na mimi niko cha tano. Katika klabu hii ya kompyuta hakuna aliyekaa muda mrefu kuliko mimi isipokuwa ile feni, nayo haizunguki. Kwa hiyo ujue unaongea na mzee.

Jana uliniuliza mbele ya wenzako, "Kaka Hamisi, kihariri gani ni kizuri kuliko vyote?" Nikakwambia ngoja. Wenzako wakadhani sijui. Mwanaidi, yule dada anayekaa karibu na dirisha, aliinua macho akanitazama, akayarudisha kwenye kazi yake. Yeye alijua kwa nini nimekwambia ungoje. Basi leo nakujibu, na jibu langu ni refu, maana wazee hatujui kujibu kwa kifupi.

Kihariri, kwa faida ya wale waliokuja klabuni kufuata kivuli, ni ile programu tunayoandikia msimbo wa tovuti. Tovuti haisemi iliandikwa kwa kihariri kipi, kama vile ugali hausemi ulisongwa na mwiko upi. Lakini waandishi wa tovuti wanaweza kugombana juu ya kihariri kuliko wapenzi wa mpira wanavyogombania penalti. Mwaka juzi, zama za ujana wangu, klabu yetu ilikuwa na vihariri viwili kwenye laptopu moja. Kimoja kizito, kina kila kitu ndani yake, tukakiita Jumba. Kingine chepesi, kina ukurasa na kalamu tu, tukakiita Kibanda. Mimi nilikuwa mtu wa Jumba. Mwanaidi alikuwa mtu wa Kibanda.

Kazi tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli, si ya mtihani. Bibi yake Mwanaidi, Bi Tatu, anashona mikeka na wenzake watatu huko nyuma ya soko, na klabu ilikuwa imewaahidi ukurasa wao: picha za mikeka, na chini ya kila mkeka maneno ya aliyeusuka. Akina mama wale wangekuja shuleni Jumatatu kuuona. Mimi nilipewa picha na rangi. Mwanaidi alipewa maneno.

Ijumaa, badala ya kufanya kazi, tulibishana.

"Jumba linakumalizia neno kabla hujalimaliza," nilisema.

"Kumbe linaandika lenyewe," akasema Mwanaidi. "Wewe umekaa tu kama bwana harusi."

"Linakuonyesha na makosa."

"Ndiyo maana linachelewa kufunguka, yako ni mengi. Mtu anaweza kulibofya akaenda kuswali adhuhuri na sunna zake, akarudi akalikuta bado linajinyoosha."

Darasa likacheka. Mwanangu, mimi nilikuwa mtu wa kuchekesha, sikuzoea kuchekwa. Nikawa natafuta la kujibu, na huku natafuta, Mwanaidi akaendelea kusema. Alisema hivi, na leo naweza kukuambia neno kwa neno: "Mimi nakipenda Kibanda kwa sababu laptopu hii betri yake imechoka. Ikizimika ghafla, nikiwasha nakuta maandishi yangu yote yapo, hata ambayo sijayahifadhi. Kibanda kinanikumbukia."

"Kinakukumbukia kwa kuwa hakina kazi nyingine," nikasema.

Darasa likacheka tena, safari hii upande wangu, nikaona nimeshinda. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nadhani walikuwa wametoka kwenye kikao kama chetu.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, nilifika klabuni kabla ya watu. Nikafungua laptopu, nikakiondoa Kibanda. Programu ikaniuliza kwa adabu kama iondoe na mambo yake yote iliyoyahifadhi. Nikasema ndiyo. Nikaweka kwenye kioo maandishi makubwa meusi: Tunasikitika kutangaza kifo cha Kibanda, kilichofariki baada ya kuugua upungufu wa kazi. Mazishi baada ya chai ya saa nne. Kimeacha mjane mmoja, Mwanaidi.

Niliona nimeandika kitu kizuri sana. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akachungulia.

Mwanaidi alipokuja aliisoma tanzia yote, akiwa bado na mkoba begani. Hakucheka. Akauliza, "Umekiondoa na vyake vyote?"

"Vyote. Marehemu haachiwi shuka."

Akaketi. Akaniambia taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia, "Ya Bibi yalikuwa humo, Hamisi."

Alhamisi alikuwa ameibeba laptopu mpaka nyumbani kwa ruhusa ya mwalimu. Bi Tatu akamsimulia mkeka mmoja mmoja, naye akiandika. Akafika kwenye mkeka wa arusi ya Rehema. Rehema alikuwa mama yake Mwanaidi, binti yake Bi Tatu. Alifariki Mwanaidi akiwa ananyonya, na Bi Tatu hakuwa na desturi ya kumzungumzia, nyumba nzima ilijua hivyo. Alhamisi ile, kwa sababu ya ukurasa, alimzungumzia. Kisha betri ikazimika, Mwanaidi akafunga kifuniko akiwa hana wasiwasi. Alikuwa na Kibanda.

Mzaha mzaha, hutumbua usaha. Nilikuwa nimelisikia hilo tangu utotoni nikadhani ni la watoto wanaosukumana.

Mwalimu alijaribu kuyarudisha. Alijaribu mpaka saa saba mchana, akatoa miwani, akaifuta, akasema maji yamemwagika. Hakunipiga, hakunifokea. Alisema tu, "Nenda ukamwambie mwenye maneno." Mwanangu, bora angenichapa.

Nikamfuata Mwanaidi nyuma nyuma. Laptopu alikuwa ameibeba yeye. Bi Tatu alikuwa barazani na mwenzake, Bi Zuhura, wanachana ukindu, yale majani makavu ya kusukia mikeka.

"Shikamoo, Bi Tatu. Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba," wakaitikia. Bi Tatu akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye mwenye msiba? Nimesikia umefiwa."

Habari za Bagamoyo zinatembea haraka kuliko intaneti yetu. Nikasimama na mikono yangu sijui niiweke wapi, nikamwambia yote: Jumba, Kibanda, ubishi, tanzia. Kwenye neno mjane Bi Zuhura alikohoa, na mpaka leo sina hakika kama kilikuwa kikohozi.

Bi Tatu akauliza, "Sasa hicho chake kilikuwa kibaya?"

"Si kibaya, Bibi. Changu kilikuwa bora."

"Bora kwa nani?"

Akainua kisu chake kidogo, mpini umezungushiwa kitambaa. "Mimi nachania hiki. Huyu mwenzangu anachania wembe aliofunga kwenye kijiti. Miaka yote namwambia wembe wake unakwenda kombo."

"Na mimi namwambia kisu chake kimezeeka kama yeye," akasema Bi Zuhura, bila kuinua kichwa.

"Unamsikia. Tunagombana hivi tangu wewe hujazaliwa. Na mkeka tunashona mmoja, ukanda wangu wa ukili na ukanda wake, ubavu kwa ubavu. Sijapata kuutupa wembe wake. Si kwamba ni mzuri, ni mbaya. Lakini kazi yake imekaa kwenye wembe ule, na mimi sijui imekaa wapi hasa. Nikiutupa wembe naweza kutupa na kidole."

Akanisogezea kitita cha ukindu na kile kisu chake mwenyewe. "Kaa uchane."

Nilichana mpaka alasiri. Nilichana vibaya, vipande vingine vyembamba kama uzi, vingine vinene kama mkanda, na Bi Zuhura alivitenga vyangu pembeni, akasema vitafaa kufungia samaki. Baada ya kuswali, Bi Tatu akamwambia Mwanaidi alete laptopu. Mwanaidi akanisukumia mimi. "Aandike yeye," akasema. "Kwa Kibanda."

Mwalimu alikuwa amekirudisha Kibanda, kitupu. Nikakifungua. Kweli kilifunguka kabla sijakaa vizuri.

Bi Tatu akasimulia upya. Ule mkeka wa nakshi ya meno ya papa, ule wa macho ya kuku, maneno yake yote yalikuja vizuri, na mengine Mwanaidi alisema yamekuja marefu kuliko ya kwanza. Tukafika mkeka wa arusi. Bi Tatu alimtuma Mwanaidi akautoe ndani, akautandika barazani. Akaonyesha kwa kidole ukili mmoja karibu na ukingo, mwembamba kuliko wenzake, unaovuta mkeka mzima upande. Rehema hakujua kusuka, akasema, lakini siku tatu kabla ya arusi alishikilia lazima na yeye atie ukili wake. Wanawake wote wakamcheka ulivyotoka. Wakataka kuufumua.

"Akasema neno hapo," akasema Bi Tatu. "Akasema neno, sote tukanyamaza, kisha tukacheka zaidi, na ukili ukashonwa ulivyo. Akasema..."

Vidole vyangu vilikuwa juu ya vitufe. Nikangoja.

"Neno gani lile?" akamuuliza Bi Zuhura.

"Sikuwapo siku hiyo, nilikuwa Mbegani kwa dada yangu."

Bi Tatu akamgeukia mjukuu wake. "Alhamisi nilikwambia. Nilisemaje?"

Mwanaidi alikuwa ameuangalia ukili ule. "Nilikuwa naandika, Bibi," akasema. "Sikulishika. Nilijua limekumbukwa."

Bi Tatu alifumba macho, akatikisa midomo, akajaribu kulianza mara mbili. Halikuja. Mwisho akausafisha mkeka kwa kiganja, akasema, "Maneno mengine yana siku yake. Endelea, mwanangu, andika arusi ilikuwa Ijumaa." Alinena hivyo kwa upole, bila kunitazama, na upole ule nimetembea nao mpaka leo.

Jumatatu akina mama walikuja shuleni na khanga zao za kutokea, wakauona ukurasa, wakajicheka kwenye picha. Bi Zuhura alidai pua ile si yake. Kila mtu alifurahi. Lakini wewe, mwanangu, ukilifungua faili la ukurasa ule, kwa kihariri chochote utakacho, shuka mpaka mstari wa arobaini na moja. Utaukuta mtupu. Mwanaidi ndiye aliyeuacha, pale Rehema aliposema neno lake. Anayeitembelea tovuti hauoni, maana mstari mtupu kwenye msimbo hauonekani kwenye ukurasa. Tunauona sisi tunaofanya kazi humo. Jumba langu lina tabia ya kusafisha mistari mitupu kila ukihifadhi. Hicho kilikuwa kimojawapo cha vitu nilivyokuwa nikijivunia. Nimekizima. Na kila mwezi Mwanaidi anamuuliza bibi yake kama neno limerudi. Bado.

Sasa nasaha, kisha ukale, maana naona unatazama mlango.

Uliuliza kihariri kipi bora. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mimi bado ni mtu wa Jumba. Mwanaidi bado ni mtu wa Kibanda, na bado ananiambia nikilibofya niende nikaswali. Jaribu vyote viwili wiki mbili mbili, uchukue kile ambacho mkono wako unakisahau ukiwa kazini. Kama ni cha simu, kiwe cha simu, usione haya.

Wala sikukatazi kubishana. Ubishi ni chumvi ya klabu hii. Bisha, cheka, mtanie mwenzako mpaka kofia imdondoke kwa kucheka. Lakini mtu anapokwambia kwa nini anakipenda chombo chake, nyamaza kidogo, usitafute la kujibu. Hapo hakusifii chombo. Anakuonyesha alipoiweka kazi yake. Mimi nilionyeshwa Ijumaa mbele ya darasa zima, nikatia utani juu yake, na Jumamosi nikaenda palepale nilipoonyeshwa nikapafuta.

Na usiondoe cha mwenzako hata kama ni kibaya na una hakika ni kibaya. Muulize kwanza, umwache atoe vyake. Na wewe unayekumbukiwa na mashine, hifadhi, na sikiliza kwa masikio pia.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono mwepesi na betri isiyochoka. Akupe wa kubishana naye ambaye kesho mtashona mkeka mmoja. Akuepushe na sifa ya kuchekesha pale ambapo kulikuwa na la kusikia. Na siku utakapokuwa unasafisha faili la mikeka, ukafika mstari wa arobaini na moja, akuzuie kidole. Amin.