Sababu Mpya Kila Alfajiri

Amne alipoolewa kule porini, nyuma ya Puge, alimkuta mkwewe, Bibi Nunu, na desturi moja isiyo na mzaha. Alfajiri, kabla mtu yeyote wa nyumba hajafungua kinywa, mwanamke aliyefungua mlango alisimama kizingitini, akamshukuru Mungu kwa jambo moja na kulitaja. Waliokuwa ndani wakaitika amina. Hapo ndipo shikamoo zilipoanza na moto ukawashwa. Tena sababu ya jana hairudiwi leo. "Mungu si wa kulishwa kiporo," Bibi Nunu alikuwa akisema, na Amne alicheka, maana kiporo ndicho alichomlisha mumewe Masolwa kila asubuhi.

Bibi alipoanza kuumwa miguu, kazi ikamwangukia Amne. Aliiweza. Alishukuru kwa ng'ombe aliyezaa, kwa jipu la Masolwa lililopasuka, hata kwa jirani mmbeya aliyehamia Igunga. Nyumba ile iliamka kwa kicheko.

Ikaja amri ya serikali ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Sisemi ilikuwa mbaya. Shule iliahidiwa, na maji. Nasema ilikuja na haraka ya mtu aliyevamiwa na nyuki. Lori lilibeba watu na vyungu, mtama ukabaki vihengeni, dereva akaapa kuurudia kesho yake. Mgambo wakafumua mapaa, ya nyumba na ya vihenge, ili mtu asipate pa kurudi. Dereva yule hakuonekana tena.

Kando ya barabara walipewa kiwanja, wakajikunyata katika kibanda cha nyasi. Siku chache baadaye, alfajiri, mvua ya kwanza ikanyesha baada ya ukame mrefu. Mnyamwezi hatukani mvua. Amne alisimama mlangoni, maji yakimtiririka shingoni, akasema, "Mungu, nakushukuru kwa mvua." Wakaitika amina, na mwanawe Limbu, aliyekuwa bado mdogo, akaitika mara mbili kwa furaha.

Masolwa ndiye aliyeukumbuka mtama kwanza. Alitoka mbio hadi kwenye mahame yao, akakuta vihenge vimejaa maji. Alipokwenda tena kujaribu kuokoa kilichobaki, mtama ulikuwa umechipua na kunuka.

"Nimemshukuru Mungu kwa kuozesha chakula cha wanangu," Amne alimwambia mkwewe. "Mayu, mama yangu, mimi basi. Sishukuru tena."

"Mwanangu, ukinyamaza leo, kesho utamwombaje?" Bibi Nunu akamjibu.

Neno hilo lilimwingia vibaya. Njaa mwana malegeza: Limbu alivimba miguu, nywele zikawa nyekundu, na foleni ya unga wa njano wa msaada ilikuwa ndefu kuliko unga wenyewe. Amne aliamini kwamba siku atakayokosa sababu, ndiyo siku mtoto atamponyoka. Basi akazichokonoa sababu kama mtu akombaye sufuria tupu. Leo jua si kali. Leo Limbu amelala bila kulia. Leo amekunywa maji. Alimchukia Mungu kwa moyo wote na akamshukuru kila alfajiri, bila kukosa hata moja.

Limbu alikufa adhuhuri, mgongoni mwa mama yake, wakiwa kwenye foleni.

Alfajiri iliyofuata Amne alifungua mlango, akasimama. Ndani, Masolwa alikaa ameinamisha kichwa. Bibi Nunu alikuwa macho, mkono mdomoni. Saleha, dadake Limbu, aliwatazama wakubwa mmoja mmoja. Hakuna aliyeweza kusema kabla ya neno lile, na neno halikuja. Jua lilichomoza, majirani wakapita na majembe, nao bado wamekaa vile vile, moto haujawashwa.

Mwishowe Amne alisema, bila kugeuka, "Mungu, nakushukuru kwamba Limbu hasikii njaa tena."

Hakuna aliyeitika. Bibi Nunu, aliyeifundisha nyumba nzima amina, aligeukia ukutani na kujifunika kanga.

Saleha alingoja kidogo, kisha akaona ruhusa ya kusema imeshapatikana.

"Mama," akauliza, "uji wa Limbu leo nitakunywa mimi?"

"Utakunywa wewe," Amne akasema, akaenda kuwasha moto.