Sauti ya Tatu Peke Yake

Nyumbani kwetu Iringa, mtoto asiyejua kuimba alihesabiwa mgonjwa. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya usharikani, mama aliimba sauti ya pili, na kaka yangu alipewa fidla akiwa bado anajikojolea. Mimi nilipata viola kwa sababu ndicho chombo kilichobaki kwenye kabati la kanisa: fidla iliyonenepa, yenye sauti ya mtu mwenye mafua. Nikaipenda hivyo hivyo.

Nilipoacha kufundisha jiografia Mbeya ili nipige viola tu, baba hakugomba. Alisema atakuja kusikiliza onyesho moja. Asiposikia cha maana, nirudi darasani, na yeye mwenyewe atakwenda kuniombea msamaha kwa mkuu wa shule. Namjua baba, angekwenda kweli.

Onyesho lilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa, Iyunga, hapo hapo Mbeya. Tulikuwa wapigaji wanne, kaka akiongoza kwa fidla ya kwanza. Utamu wote wa wimbo alipewa yeye. Mimi, sauti ya tatu, nilipewa noti mbili, nizirudierudie kama mtu anayetwanga mahindi ya jirani. Kaka alifumba macho, akayumba, kina mama wakampigia vigelegele. Tulipomaliza, baba akasimama kwenye safu ya pili.

"Sauti ya tatu peke yake," alisema.

Kwenye kwaya yake ndivyo ilivyo: akitilia shaka sauti moja, inaimba bila wenzake, hata kama askofu yupo. Lakini haya hayakuwa mazoezi, watu walikuwa wamelipa kiingilio na kuvaa vizuri. Nilitamani sakafu inimeze. Nikapiga. Noti mbili, noti mbili, ukurasa mzima. Watu wakaanza kucheka, nami nikawa nalia huku napiga, kwa hasira zaidi kuliko aibu. Baba alikuwa akihesabu mapigo kwa kidole pajani, uso mkavu.

"Inatosha," alisema. "Sauti ya kwanza peke yake."

Kaka akatabasamu, akafumba macho yake yale. Bila noti zangu za kuegemea, kufika mstari wa tatu alikuwa anakimbia kama aliyechokoza nyuki. Baba akagonganisha viganja mara moja kumsimamisha.

"Unakwenda wapi, baba? Nani anakufukuza?"

Safari hii ukumbi mzima ulimcheka yeye, na nakiri nilifurahi sana.

Baadaye nilimpelekea baba chai nje. Nilipiga goti kumpa kikombe, nikisubiri hukumu. Alikunywa nusu nzima kwanza, mzee yule.

"Kwa mkuu wa shule siendi," alisema.

Akamalizia chai, akanirudishia kikombe.

"Ila kufundisha hujaacha, mama. Huyo kaka yako hajui kuhesabu. Ukimwachia hata kidogo, anaanguka mbele za watu."