Jirani Asiyeonja Chakula

Leo mchana mama ameniuliza, "Yule jirani wa juu kashapika?" Jina langu amelisahau siku nyingi, mimi ananiita mtumishi, lakini jirani aliyehama tangu niko skuli bado anamkumbuka. Nikamjibu kuwa kashapika. Nimejifunza kutobishana naye.

Nakuandikia nikiwa ndani, rafiki yangu, maana siku hizi niko ndani tu. Mlango wetu nimeutia kufuli, kwani mama akipata upenyo anatoka, na vichochoro vya mtaa wetu wa Kiponda si vya mtu asiyejua anakokwenda. Nilikuwa na kazi hotelini Kendwa, nikaiacha. Kaka yangu anayekaa Amani huja Ijumaa, hukaa kidogo, kisha huniambia, "Una bahati dada, thawabu zote unachukua wewe." Natamani nimwambie aje achukue zake.

Basi swali la mama limenirudisha utotoni, katika nyumba hii hii. Sisi tulikaa chini, na juu ilikaa familia ya Kihindi, Mabaniani, kama watu wa mji walivyowaita. Asubuhi nilisikia kengele yao ndogo ya ibada, kisha mbegu za haradali zikipasuka kwenye samli ya moto, na harufu ikashuka ngazini mpaka kwenye godoro langu. Kazi yangu ilikuwa kumchambulia jirani choroko, kutoa vijiwe, na ujira wangu ulikuwa kipande cha ladu, kitamutamu chao cha Kihindi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa kucheka, na alikuwa akimuuguza mama mkwe wake aliyepooza upande mmoja. Mkwe yule alikuwa mkali, Mungu amsamehe. Alitukana kwa Kigujarati, kisha akarudia kwa Kiswahili tusije tukakosa kuelewa. Jirani hakwenda harusini wala matembezini. Hata bustani ya Forodhani, pale karibu tu, alikuwa akisimuliwa na sisi watoto.

Kitu kimoja kilimshangaza mama: jirani hakuonja alichopika. Kwetu mpishi huonja. Hata Ramadhani mama huweka tone kwenye ncha ya ulimi, akatema. Siku moja jirani alishikwa na homa, mama akapanda kumpikia yule mkwe mgonjwa, nami nikamfuata. Akapika wali wa choroko, mlaini, ndani ya sufuria zao wenyewe. Ulipokaribia kuiva akachota kidogo, akaweka kiganjani, akalamba, akaongeza chumvi. Jirani alikuwa amejilaza mkekani. Aliinuka, akaiweka sufuria ile pembeni, akaanza kuosha mchele upya huku anatetemeka.

Mama alighadhibika. "Kwani mie najisi?"

"Si hivyo, shoga yangu. Chakula kwanza cha Mungu, halafu cha mgonjwa. Mie changu kupika tu. Nkionja, ntataka kisifiwe."

Akapika mwenyewe, na homa yake ile. Mkwe akatema tonge la kwanza. "Chumvi hamna!" Jirani akamfuta, akaongeza chumvi, akaendelea kumlisha. Hapo hasira za mama zote zikamgeukia bibi kizee. Akamuuliza shoga yake kwa sauti ya chini, "Wewe hukasiriki?"

"Nakasirika sana. Lakini dini yetu inatwambia kazi ndiyo yangu, kinachotokana nayo si changu. Basi nnakasirika na huku namlisha."

Ile sufuria ya kwanza tulishuka nayo, tukaila wenyewe. Ilikuwa tamu, chumvi imekaa pale pale, na mama hakuacha kulisema hilo mwezi mzima.

Mwalimu wetu wa chuoni, tulikosoma Kurani, naye alitufundisha ikhlasi, kutenda bila kungoja sifa za watu, nasi tukaitikia kwa sauti moja. Lakini kuiona kwa macho, niliiona jikoni kwa jirani. Usidhani namfanya malaika. Niliwahi kumkuta ameegemea dirisha, anatazama watu wanavyopita chini, na uso wake ulinitisha, sikujua kwa nini. Uso ule sasa ninao mimi.

Mkwe alipofariki, familia ile ilihamia Dar es Salaam. Juu sasa ni nyumba ya wageni, na asubuhi nasikia masanduku yakiburutwa ngazini. Kengele hakuna, haradali hakuna, na choroko zinauzwa zimeshachambuliwa. Wageni wanasalimia vizuri, wanapiga picha mlango wetu, wanaondoka. Wivu unanishika nikiwaona wanavyoondoka.

Mimi sijafika alipofika jirani. Mimi nataka malipo, tena madogo: mama aniite jina langu, mara moja tu. Kila nikimlisha nangojea, na kila nikikosa namchukia kidogo, na chuki hiyo naiogopa kuliko kufungiwa humu.

Leo nilipomaliza kumjibu habari za jirani nilimsogezea uji. Akanitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni.

"Una watoto wewe?"

"Bado, mama."

"Mie nnaye mmoja wa kike, yuko Kendwa, kapata kazi nzuri. Usije ukamwambia naumwa. Ataacha kazi yake aje akae humu ndani."

Nikamuahidi kuwa sitamwambia. Akaridhika, akafungua mdomo kupokea uji.